Sikufika vitani: je, fidia ya ulemavu inanihusu?

Swali: Nilijiunga na Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Wiki ya 6 ya mafunzo ya awali, kuruta aliyekuwa hatua chache kutoka nilipo alijeruhiwa vibaya kwenye uwanja wa maguruneti. Tangu siku ile usingizi ukanipaa, na wiki ya 9 nikaachishwa. Cheti changu, DD 214, hakisemi niliondoka kwa heshima wala kwa aibu. Wenzangu wanasema sina haki kwa sababu sikufikisha siku 180 na sikuona vita. — *Msomaji, Minnesota*

Jibu: Wenzako wamekosea mara mbili. Kwa askari wa jeshi la kudumu, mafunzo ya awali ni utumishi kamili. Idara ya Maveterani, VA, haiulizi ulipigana wapi. Inauliza kama ugonjwa ulianza au ulizidi ukiwa kazini. Kuruta aliyeachishwa mapema bila cheti chake kutaja hadhi ya utumishi, VA humhesabu kuwa hakuondoka kwa aibu. Masharti ya muda wa chini wa utumishi yapo kwenye mafao mengine, lakini hayamzuii mtu kulipwa fidia ya ulemavu uliotokana na jeshi.

Kabla ya kukusanya karatasi yoyote, tuma fomu 21-0966, ya kutoa taarifa kwamba unakusudia kudai. Inakuwekea tarehe kwa mwaka mmoja. Ukiituma leo na dai lenyewe, fomu 21-526EZ, ukalikamilisha miezi 11 baadaye, ukikubaliwa malipo huhesabiwa kuanzia leo. Na kama hujamaliza mwaka tangu uachishwe, wahi: dai likiingia ndani ya mwaka huo, haki huhesabiwa kuanzia siku iliyofuata ya kuachishwa.

Dai lina mafiga matatu: ugonjwa uliothibitishwa na mtaalamu, tukio lililotokea ukiwa jeshini, na maoni ya kitaalamu yanayounganisha hayo mawili. Madai ya mafunzoni huanguka zaidi kwenye figa la pili. Aliyepigana vitani huaminiwa kwa kauli yake, mradi inalingana na mazingira ya vita alivyovikuta. Anayedai PTSD, yaani kiwewe cha akili kinachobaki baada ya tukio la kutisha, kutokana na ajali ya mazoezini hutakiwa kuleta kitu cha kuunga mkono kauli yake, isipokuwa ugonjwa huo ulikuwa umeshatambuliwa na daktari akiwa bado jeshini.

Kwa hiyo fomu 21-0781, inayoeleza tukio, usiijaze kwa haraka. Taja kambi, kombania, platuni, uwanja, na kipindi kifupi cha tarehe, siku 60 au chini. "Mwaka 2019 wakati wa mafunzo" haimsaidii mtafutaji wa kumbukumbu hata kidogo. Omba faili lako lote la utumishi na la matibabu kwa fomu SF-180, inayokwenda kwenye hifadhi ya kumbukumbu ya St. Louis, Missouri. Humo tafuta karatasi za zahanati ya kambi, maelezo ya ushauri uliopewa na sajenti, na chochote kuhusu uchunguzi wa ajali. Barua au ujumbe uliotuma nyumbani wiki ile nao ni ushahidi. Kuruta mwenzako anaweza kujaza fomu 21-10210. Aeleze alichokiona kwa macho na jinsi ulivyobadilika. Habari ya jina la ugonjwa awaachie madaktari.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Sharti hilo kali la kuthibitisha tukio ni la PTSD peke yake. Daktari akisema una sonona au wasiwasi uliokithiri, kanuni hiyo haikubani, ingawa mafiga matatu yanabaki palepale. Andika basi kwenye dai "PTSD, sonona na wasiwasi" na ueleze dalili, usijifungie kwenye jina moja. Mwishowe magonjwa ya akili hupewa asilimia moja kwa pamoja, kwa hiyo hupotezi kitu.

Tazama pia sababu ya kuachishwa iliyoandikwa kwenye DD 214. Makuruta wengi huandikiwa kwamba tatizo walikuja nalo. Usikate tamaa kwa maneno hayo. Ikiwa daktari aliyekupima ulipoingia hakuandika tatizo lolote, sheria inakuchukulia uliingia mzima. Ni juu ya VA kuonyesha, kwa ushahidi usio na shaka, mambo mawili kwa pamoja: kwamba tatizo lilikuwepo kabla, na kwamba jeshi halikulizidisha.

Swali: Mkufunzi alinidhalilisha kingono wakati wa mafunzo. Sikumwambia mtu. Bila ripoti nitaanzia wapi? — *Msomaji, Texas*

Jibu: Pole sana, dada. VA inajua kwamba wengi hawaripoti, na kanuni zake zinaruhusu ushahidi mwingine kabisa: kipimo cha mimba au cha magonjwa ya zinaa, kuomba kuhamishwa kikosi, alama za utendaji zilizoporomoka ghafla, kuanza kunywa pombe, shajara, maelezo ya mama, dada au kiongozi wa dini uliyemwambia. Kabla ya kukataa dai la namna hii, VA inatakiwa kukujulisha kwamba vyanzo hivyo vinakubalika. Kwenye 21-0781 eleza yale mabadiliko, yenye tarehe. Tukio lenyewe unaweza kulieleza kwa sentensi chache. Huhitaji kulirudia lote.

Matibabu yanayohusiana na udhalilishaji huo ni bure na hayasubiri dai likubaliwe. Kila hospitali ya VA ina mratibu wa mambo hayo, mwulizie. Unaweza pia kuomba upimwe na mtaalamu wa kike. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, piga 988 kisha bonyeza 1, saa yoyote.

Swali: Nipo Gadi ya Taifa, jeshi la akiba la majimbo. Niliumia kwenye drili, yaani mazoezi, ya wikendi. Inahesabika? — *Msomaji, Ohio*

Jibu: Inategemea amri uliyokuwa nayo siku ile. Mafunzo ya muda wote, yakiwemo ya awali na kambi ya kila mwaka, yanabeba majeraha na magonjwa. Drili ya wikendi hubeba majeraha, pamoja na mshtuko wa moyo na kiharusi, lakini si magonjwa mengine. Tafuta nakala ya amri yenye tarehe, na uamuzi wa kikosi kwamba uliumia ukiwa kazini. Bila karatasi hizo mbili dai la gadi huzunguka bila kufika. Ikiwa ni kiwewe cha akili, usiondoke kwa kuambiwa tu kwamba huo ni ugonjwa: mwanasheria mkuu wa VA alitoa maoni mwaka 2001 kwamba PTSD inayotokana na shambulio la kingono kwenye drili inaweza kuhesabiwa kuwa jeraha.

Swali: VA imeniita nipimwe kwa ajili ya dai langu. Wakala mmoja ataniandaa kwa malipo ya miezi mitano ya nyongeza nitakayopata. Nikubali? — *Msomaji, Washington*

Jibu: Usikubali. Kulipisha mtu kwa kuandaa dai lake la kwanza kumekatazwa kisheria. Vyama kama Disabled American Veterans vina wawakilishi wenye kibali cha VA wanaofanya kazi hiyo bure.

Kuhusu kipimo chenyewe, tahadhari na ulimi wetu. Mpimaji akiuliza hali, Mswahili hujibu "nzuri, namshukuru Mungu", na hilo ndilo linaloandikwa. Asilimia za magonjwa ya akili ni 0, 10, 30, 50, 70 au 100, na hupangwa kwa kadiri dalili zinavyokuharibia kazi na maisha na watu. Sema siku mbaya zikoje na ni ngapi kwa mwezi, kazi ulizoacha, misiba na harusi usizohudhuria tena. Usiongeze chumvi: maelezo yako yatalinganishwa na faili. Na usikose miadi bila kutoa sababu, kwani dai linaweza kuamuliwa bila kipimo.

Wakikataa, una mwaka mmoja tangu tarehe ya barua bila kupoteza tarehe yako ya malipo. Ukiwa na ushahidi mpya, tumia fomu 20-0995. Ukiona walikosea kwa ushahidi uleule, 20-0996, ambayo haipokei karatasi mpya. Fomu 10182 hukupeleka mbele ya jaji wa Bodi ya Rufaa, na huko foleni ni ndefu. Soma kwanza barua ya kukataliwa uone ni figa lipi wamesema halipo, ndipo uchague fomu.