Ufahamu kwa usaili wa kidato cha kwanza: anzeni na Kiswahili

Mtihani wa taifa wa darasa la saba ukishapita mwezi Septemba, wazazi wa hapa Ngamiani, Tanga mjini, huanza kuniletea watoto niwaandae kwa usaili wa shule binafsi na seminari. Shule hizo hujitungia mitihani yao, na habari ya ufahamu kwa Kiingereza haikosekani sana, maana ndiyo lugha ya masomo sekondari. Ombi huwa moja: "Mwalimu, wewe mkazanie Kiingereza tu, Kiswahili anakijua." Namwambia mzazi asubiri kidogo, kwanza tutasoma Kiswahili. Wengine hununa.

Mtoto anayekosa maswali ya ufahamu si lazima awe amekwama kwenye maneno. Wengi hawana mazoea ya kurudi kwenye habari. Wanaisoma mara moja, kisha wanajibu kwa wanachokijua au wanachodhani. Ukimpa habari ya Kiingereza tangu siku ya kwanza, hutajua kilichomwangusha ni lugha au ni hayo mazoea. Kwa Kiswahili utajua papo hapo.

Habari ninayoipenda ni ya mkonge, maana mtoto wa Tanga ameuona tangu anabebwa mgongoni. Naandika ubaoni:

"Mkonge uliletwa kwetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ikapitia Hamburg, Ujerumani. Miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, nayo ikapandwa Kikogwe, Pangani."

Fupi, lakini ina mitego. Nauliza: Hindorf alianza kilimo na miche mingapi? Mikono juu, elfu moja! Iliagizwa kutoka nchi gani? Ujerumani! Mwenye miche Mjerumani, mzigo umepita Hamburg, kwa mtoto hapo mambo yamekwisha. Sisemi kwamba amekosa. Nasema, "Weka kidole kwenye jibu." Kidole kinatambaa mstari kwa mstari, kinafika kwenye Marekani, na mwenyewe anaanza kucheka. Kwangu hiyo ndiyo sheria kubwa kuliko zote: jibu lisilo na kidole silipokei, hata likiwa sahihi.

Kisha nauliza lile gumu: kwa nini Hindorf angeweza kukata tamaa? Hapo watoto hutafuta neno "tamaa" kwenye habari, hawalioni, wanasema swali limekosewa. Nawaambia safari hii vidole viwe viwili, kimoja kwenye 1,000, kingine kwenye 62. Sasa niambie, ungekuwa wewe ungejisikiaje? Maswali ya namna hii ndiyo yanayomtofautisha anayeelewa na anayenakili, na ndiyo ninayoyapa muda mwingi kuliko yote. Sichoki kuuliza "umejuaje?"

Kuna mtego mwingine kwenye maswali ya kuchagua. Naweka jibu lisemalo kwamba mkonge hutengenezewa kamba. Ni kweli kabisa, ila habari haikusema. Watoto wetu hulikimbilia kwa sababu wanalijua kutoka nyumbani.

Wakishazoea, naileta habari ileile kwa Kiingereza chepesi. Kisa wanakijua, kwa hiyo nguvu yote inakwenda kwenye lugha. Baada ya hapo ndipo zinakuja habari ngeni. Neno wasilolijua hawaruhusiwi kuniuliza kabla ya kubahatisha: weka neno lako mahali pake, soma sentensi yote, je inaleta maana? Kamusi huja mwisho.

Kuhusu kusoma maswali kabla ya habari, najua walimu wengi wanaifundisha mbinu hiyo. Mimi kwa watoto wadogo siipendi. Huwafanya wawinde maneno, wakilikuta neno la swali wananakili sentensi nzima na kuendelea. Wala usidanganywe na anayesoma kwa sauti nzuri kama mtangazaji wa redio. Funga kitabu, mwambie akusimulie.

Nyumbani huhitaji vitabu vya bei. Likija tangazo kwenye simu kwamba maji yatakatika Chumbageni na Makorora kesho kuanzia saa 2 asubuhi hadi jioni, mpe mtoto alisome, kisha muulize: sisi wa Ngamiani tujaze ndoo? Na bibi yako wa Makorora umpigie lini, leo au kesho mchana? Huo ni ufahamu kamili. Karatasi ya dawa inafaa, ujumbe wa LUKU wa kununua umeme unafaa, tiketi ya basi la Dar inafaa.

Kitu ambacho sikushauri ni kurundika mitihani ya zamani, mtoto akafanya mmoja baada ya mwingine, ukahesabu alama na kuiweka kando. Afadhali mmoja kwa wiki, mkakaa chini na kila swali alilokosa, akakuonyesha kwa kidole jibu lilipokuwa na akasema kilichompeleka kwingine. Ukiona anakosa kwa sababu ileile kila mara, kwa mfano anapita juu ya neno "isipokuwa" kwenye swali, mwachie kalamu nyekundu alipigie mstari kila anapokutana nalo.