Bilda jeli ya nyumbani, na kucha yangu iliyobaki kwenye pilau

Juzi usiku dada mmoja kanitumia picha ya kidole gumba chake. Chini ya bilda jeli, ile jeli nzito ya kucha inayogandishwa kwenye taa, kuna doa la kijani kama ganda la embe bichi. Anauliza, "Dada, nikipaka nyingine juu si itajificha?"

Nilimpigia saa hiyo hiyo. Usipake! Kijani hicho ni bakteria wanaoishi kwenye unyevu uliojibana pale jeli iliponyanyuka. Itoe yote, ukaushe kucha, uiache wazi mpaka doa likue na kuisha, na kama kunauma nenda hospitali. Akanuna kidogo, maana ana harusi wiki ijayo.

Simcheki. Mimi nimefanya mabaya zaidi.

Miaka mitatu nyuma nilikuwa na saluni yangu ya kwenda kupakwa kucha hapa Dar, sitaitaja. Kucha zangu zilikuwa hazimalizi wiki. Siku niliyorudi kulalamika, fundi alinishika vidole, akavigeuzageuza mbele ya wateja, akasema, "Dada, hii ni mikono ya kuosha vyombo, jeli haiwezi kukaa." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka nao, halafu nikalia kwenye daladala mpaka Mtoni. Mpaka leo nikipita pale naangalia upande wa pili.

Kesho yake nikashuka Kariakoo. Nikanunua taa, kichupa cha bilda jeli, prima (ile inayopakwa kwanza ili jeli ishike), misasa miwili na brashi. Nikajiona fundi tayari.

Wiki mbili baadaye ikawa sendofu ya binamu yangu, Mbagala. Nimejipaka mwenyewe, pinki, zinang'aa, kila picha nimeweka mkono mbele. Pilau likaja, nikala kwa mkono. Mama mkubwa aliyekaa pembeni yangu akaokota kitu kwenye sahani yangu, akakinyanyua kwenye taa, akauliza kwa sauti, "Mwanangu, hii ni yako au ya mpishi?"

Kosa langu lilikuwa ni maandalizi. Watu wanataka kufika kwenye jeli haraka, na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Ukishasukuma ngozi nyuma, kuna utando mwembamba unaobaki umegandia kwenye kucha. Huuoni mpaka ulaze kidole upande ukitazame kwa mwanga. Jeli ikikaa juu ya utando huo, imekaa juu ya ngozi iliyokufa, na itaondoka nayo. Ukwangue taratibu, piga msasa laini mpaka mng'ao uishe (mng'ao tu, usiile kucha!), futa vumbi kwa spiriti. Ukishafuta usiguse kitu. Mimi nilikuwa namaliza kusafisha halafu najikuna kichwani, nywele zimejaa mafuta ya nazi.

Halafu acha nafasi ya unywele mmoja kati ya jeli na ngozi. Anza na tabaka jembamba, choma kwenye taa. Kisha weka tone katikati ya kucha, livute kwa ncha ya brashi bila kukandamiza, geuza mkono kiganja kiangalie juu, hesabu mpaka kumi. Jeli itajikusanya yenyewe ifanye kilima kidogo, na kilima hicho ndicho kinachozuia kucha kuvunjika. Ukiona inaunguza ndani ya taa, umeweka nene: jeli hutoa joto inapoganda. Toa mkono, subiri, rudisha. Vidole gumba vichome peke yake, maana ukivichoma pamoja na vingine vinalala upande na mwanga hauvifikii vizuri.

Sasa nisikilizeni, mashosti, hapa sitanii. Jeli mbichi isiguse ngozi. Inaweza kukupa aleji, vidole vikawasha na kuchubuka, na aleji hiyo ukishaipata huwa haiondoki. Kichupa changu cha kwanza kilikuwa na HEMA, dawa ya kwenye jeli inayoweza kuleta aleji hiyo, ambayo Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kwamba kwenye kucha itumiwe na mafundi tu. Sikujua, sikusoma hata lebo. Someni lebo! Mnasoma bei peke yake. Na taa iwe ile inayoendana na jeli yako, kwa sababu juu inaweza kuwa ngumu kama jiwe na chini bado ni uji. Mnanunua taa ya bei ya chipsi mayai halafu mnanilalamikia mimi.

Mikono hii ya kuosha vyombo sasa inamaliza wiki tatu, na vyombo bado naosha mwenyewe, masufuria ya ugali na yote. Yule fundi angeziona.

Mwanzoni mwa mwezi nilimpaka mama mkubwa. Alikaa kwenye mkeka saa mbili nzima analalamika mgongo. Jana kanitumia picha ya sahani ya pilau, tupu, imekombwa. Chini kaandika: "Nimetafuta sijaiona."