Rangi ya Dhahabu Haihifadhi Waridi

SWALI: Mimi ni mmoja wa akina mama tunaopamba kanisa letu hapa Kisumu. Krismasi iliyopita tuliagiza mawaridi meupe ya Naivasha, tukayapuliza rangi ya dhahabu ya kopo tuliyonunua hadwea, kisha tukanyunyiza glita. Tulipamba tarehe 24 saa sita mchana. Ibada ya asubuhi ilipoanza, mengi yalikuwa yamelegea shingo na kingo za petali zimekuwa kahawia. Mwenzetu anasema kosa letu ni kutotanguliza spreyi ya nywele ili ua lizibwe lisipoteze maji. Mwaka huu tupulize mara ngapi, na ni rangi gani inayoshika vizuri?

JIBU: Mama, msipulize hata mara moja. Si rangi, si spreyi ya nywele, si vanishi. Kuanzia Novemba swali hili hunifikia hapa dukani Nakuru karibu kila wiki, na kila anayeliuliza ameambiwa jambo lilelile: eti ukiliziba ua kwa juu, litadumu. Si kweli, na linaharibia watu pesa na sikukuu.

Waridi lililokatwa bado li hai. Linakunywa kwa shina na linapumua, na maji mengi linayopoteza hutokea kwenye majani. Petali hazitoi maji mengi. Kwa hiyo anayepaka petali ameziba mahali pasipovuja, huku majani yameachwa kama yalivyo na ncha ya shina imekaa kwenye maji machafu. Shingo iliyolegea ina maana maji hayakifikii kichwa. Mara nyingi ncha ya shina imezibwa na hewa iliyoingia wakati ua lilipokaa nje ya maji, au na bakteria waliozaliana ndani ya vasi. Hakuna kitu unachoweza kupuliza juu ya ua kikafungua shina huko chini.

Zile kingo za kahawia ni kazi ya rangi yenyewe. Lisome kopo la hadwea: limeandikwa chuma, mbao, plastiki. Rangi hiyo imechanganywa na viyeyushi vikali, na mara nyingi mojawapo ni asetoni, ileile ya kuondolea rangi ya kucha. Ikigusa petali mbichi inaua chembe hai zake, na kingo ndizo hufa kwanza kwa kuwa ni nyembamba. Tena gesi inayosukuma rangi hutoka ya baridi sana, kwa hiyo ukipuliza kwa karibu unaliunguza ua kwa baridi pia. Spreyi ya nywele nayo ni pombe na gundi. Inafaa kushikilia maua yaliyokwisha kukauka yasipukutike, na nadhani hapo ndipo uvumi huu ulipoanzia. Mtu alisikia habari ya maua makavu akaihamishia kwenye mabichi.

Wanaofundisha mambo haya kwenye video hurekodi dakika chache baada ya kupuliza, ua likiwa linang'aa. Hawarudi kesho yake kukuonyesha. Mwalimu wa maua asiyekuonyesha pambo lake likiwa na siku tatu, usimpe hata mia yako.

Zipo rangi zilizotengenezwa mahususi kwa maua mabichi, na kopo lake husema hivyo waziwazi. Hizo haziunguzi sana, lakini hata zenyewe zinatia rangi tu. Hazihifadhi. Yale mawaridi ya buluu mnayoyaona ni habari nyingine: ua jeupe limenyweshwa rangi kupitia shina, na linaendelea kunywa maji kama kawaida.

Kama mnataka dhahabu, ipakeni kwenye kitu kisichokunywa maji. Huku kwetu jakaranda zinaangusha maganda ya mbegu, bapa na magumu kama mbao, na hakuna pambo linaloshika dhahabu vizuri kuliko hayo. Kutoka Molo na Elburgon huja koni za misonobari. Nanyi Kisumu mna mafunjo ya ziwani, mna masuke ya mtama, na mna gugumaji lililokaushwa ambalo mafundi wenu wanalisuka vikapu. Kikapu kimoja cha gugumaji chenye mawaridi meupe na maganda machache ya dhahabu hakihitaji glita hata chembe. Pakeni nje, kwenye upepo, na vikae siku nzima harufu iishe kabla ya kukaribia maua. Ganda lifungeni kwa waya kwenye kijiti cha mshikaki, kisha kijiti ndicho mkichomeke kwenye oasisi, ile sponji ya kuchomekea maua. Tahadharini na utepe: ukiwa wa kitambaa, ncha yake isiguse maji, maana utayanyonya maji ya vasi usiku kucha na kuyamwaga juu ya kitambaa cha madhabahu, pamoja na rangi yake nyekundu.

Glita ni plastiki iliyopakwa aluminiamu. Haioshwi ikaisha, maji ya vasi mkiyamwaga mtaroni yanashuka nayo ziwani. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuza glita ya plastiki iliyo huru kuanzia Oktoba 2023. Iacheni.

Na matunda, kwa kuwa najua mtauliza: matofaa, ndizi na pasheni yanapoiva hutoa gesi ya ethilini inayozeesha maua, hasa kanesheni, ambazo hujikunja kana kwamba hazijawahi kufunguka. Machungwa na malimau hutoa kidogo sana. Tumieni hayo.

Kuhusu kudumu kwenyewe, Kisumu iko chini ya Nakuru kwa zaidi ya mita 600, na joto la Desemba huko mnalijua. Kupamba saa sita mchana ni kuyachosha maua kabla ya kazi. Yakifika tu, kateni sentimita mbili au tatu za ncha kwa kisu kikali, kwa mshazari, ondoeni majani yote yatakayozama, na yasimame kwenye ndoo safi yenye maji mengi, chumba chenye kivuli, usiku kucha. Yakiweza kufika tarehe 23, mtapamba tarehe 24 jioni yakiwa yameshiba. Oasisi iacheni izame yenyewe juu ya maji. Ukiisukuma kwa mkono inabaki na hewa katikati, na shina likichomwa hapo halipati kitu. Iliyokwisha kukauka msiirudie.

Sasa niseme na wengine wote wanaonunua maua msimu huu. Rangi na glita zimekuwa kificho. Waridi lililozeeka, lenye madoa ya ukungu kwenye petali za nje, likipulizwa dhahabu linauzwa kwa bei ya juu kuliko bichi. Kabla ya kulipa, libane tumba taratibu chini kabisa, pale petali zinapoungana na kikonyo, kwa kidole gumba na cha shahada. Likiwa gumu ni bichi. Likibonyea ni la siku nyingi, hata ling'ae vipi. Kisha pindua uangalie ncha ya shina. Ikiwa nyeusi na inateleza, rudisha. Muuzaji akikataa usiguse, ondoka.

Na kuna jambo linalonitia hofu kuliko hasara. Spreyi ya nywele na rangi za kopo zinashika moto upesi. Saiprasi tunazokata kwa Krismasi zina utomvu, na zikikaa siku chache bila maji huwaka haraka. Halafu stima inapotea mkesha wa Krismasi, mtu anawasha mshumaa na kuusimamisha katikati ya pambo lililopulizwa alasiri hiyohiyo, watoto wamevaa nguo za nailoni wakiimba hatua mbili kutoka hapo. Nimeyaona mapambo ya namna hii kanisani na kwenye kumbi, na kila mara nimeomba mshumaa uondolewe. Mshumaa ukae ndani ya glasi ndefu kuliko mwali wake, juu ya meza yake peke yake, na matawi yasiufikie hata upepo ukivuma. Mkitumia taa ndogo, nunueni za LED, ambazo hazipati joto sana, na kiungo cha waya kisilale chini ya vasi wala karibu na oasisi inayodondoka maji. Na makopo yaliyobaki msiyahifadhi kwenye stoo ya mishumaa.