Maswali ya Wasomaji: Daktari wa Radiolojia na Kadi ya Medicare

Baba yangu ana miaka 71 na tunaishi naye Columbus, Ohio. Ameandikiwa CT-Scan ya kifua. Nilipotafuta jina la daktari atakayesoma picha nilikuta namba ya tarakimu 10, chuo alichosoma, mwaka aliohitimu, na maelezo kwamba anakubali kiwango cha Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wenye miaka 65 na zaidi. Je, hayo yanatosha kunihakikishia kwamba ni bingwa?

Hayatoshi. Namba hiyo inaitwa NPI. Kila mtoa huduma anayedai malipo kwenye bima nchini Marekani anayo, na utaalamu unaoonekana pembeni yake ameujaza mwenyewe alipoomba namba. NPI inamtambulisha daktari, basi. Haithibitishi leseni wala ubingwa.

Mwaka wa kuhitimu nao usomwe kwa uangalifu, kwa kuwa ni mwaka aliomaliza shule ya udaktari, na hapo bado hajawa daktari wa picha. Baada yake kuna mwaka 1 wa mafunzo ya jumla wodini, kisha miaka 4 ya radiolojia, na wengi huongeza mwaka mmoja wa eneo maalumu kama ubongo na neva, matiti, au mifupa na viungo. Kwa hiyo aliyehitimu 2015 amekuwa akisoma picha kwa kujitegemea tangu 2020 au 2021 hivi. Ukiona chuo cha nje ya Marekani usiogope. Kwa kawaida madaktari hao hulazimika kupitia mafunzo ya ubingwa hospitalini humo humo Marekani kabla ya kupewa leseni kamili.

Ukitaka uthibitisho, nenda sehemu mbili. Kwanza ni bodi ya madaktari ya jimbo. Angalia jimbo alipo mgonjwa, hata kama daktari anakaa kwingine, maana siku hizi picha nyingi husomwa kutoka mbali. Usiishie kwenye neno linaloonyesha kwamba leseni iko hai. Teremka hadi kwenye sehemu ya hatua za kinidhamu. Pili ni American Board of Radiology, inayotoa vyeti vya ubingwa tangu 1934. Mwenye shahada ya D.O. badala ya M.D. (zote mbili ni shahada za udaktari nchini Marekani) huenda cheti chake kimetolewa na American Osteopathic Board of Radiology, kwa hiyo usipomkuta huku, mtafute kule. Majina yanayofanana huwapotosha watu wengi, basi linganisha pia jina la kati na mji.

Hayo maelezo ya kukubali kiwango cha Medicare yanahusu bili tu. Ustadi wa daktari haumo humo.

Mama alipigwa MRI ya goti hospitalini. Zimekuja bili mbili: ya hospitali, na ya daktari tusiyemjua kabisa. Tumetozwa mara mbili?

Huenda hamjatozwa mara mbili. Kipimo cha picha kina malipo ya aina mbili: ya mashine, chumba na fundi, na ya daktari aliyesoma picha na kuandika ripoti. Itazameni bili ya daktari. MRI ya goti isiyo na dawa ya mshipani huandikwa kwa namba 73721, na ikifuatiwa na 26, maana yake anadai usomaji peke yake. Hapo bili iko sawa. Shida huja pale kliniki ya picha inapodai 73721 kavu, yaani kazi nzima, kisha daktari mwingine akaleta 73721-26 ya tarehe ile ile na goti lile lile. Hiyo msiilipe mpaka mpate maelezo.

Sasa kiasi. Baada ya mama kumaliza kiasi cha mwaka anachojilipia mwenyewe, ambacho kwa 2025 kilikuwa dola 257, Sehemu B ya Medicare, inayolipia madaktari, hulipa asilimia 80 ya kiwango kilichoidhinishwa kwa daktari. Mchango wa upande wa hospitali hukokotolewa kwa utaratibu wake.

Tuseme kiwango ni dola 100. Daktari aliyejiunga na Medicare hupokea 80 kutoka bima na 20 kutoka kwa mama, na haruhusiwi kuzidisha. Asiyejiunga hukadiriwa dola 95, na asipokubali kiwango hicho anaweza kutoza hadi asilimia 115 yake, yaani 109.25. Medicare italipa 76, na mama atabaki na 33.25. Aliyejitoa kabisa ni habari nyingine: Medicare hailipi hata senti, isipokuwa katika dharura, na lazima mama awe amesaini naye mkataba wa binafsi kabla ya huduma. Kama hakuna karatasi aliyosaini, daktari huyo hana haki ya kumdai bei yake binafsi.

Bima ikikataa kulipa, mna siku 120 za kukata rufaa ya kwanza tangu mlipopokea taarifa ya Medicare.

Kwa nini mamografia (picha ya matiti) ya mwaka jana ilikuwa bure na ya mwaka huu nimetozwa asilimia 20?

Dada, bila shaka ya mwaka huu iliandikwa kama ya kuchunguza tatizo: uvimbe, maumivu, au alama iliyoonekana kwenye picha ya awali. Ile ya kawaida, mara moja kila miezi 12 kuanzia miaka 40, hulipiwa yote endapo daktari anakubali kiwango cha Medicare. Kama hukuwa na dalili yoyote wala hukuitwa urudie picha, waombe waangalie walivyoiandika.

Katika mamografia sheria ya Marekani inapima uzoefu wa msomaji kwa hesabu: lazima awe amesoma angalau 960 katika miezi 24. Kituo nacho kinatakiwa kubandika cheti cha FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, mahali wagonjwa wanapokiona. Kitafute ukutani kabla hujavua nguo.

Daktari amejiunga na Medicare, lakini Medicare Advantage ya baba imekataa kulipa. Inawezekanaje?

Mipango ya Advantage ni Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi, na kila mmoja una mtandao wake wa madaktari. Pigia mpango wenyewe kabla ya siku ya kipimo, uulize mambo matatu: kituo kimo kwenye mtandao? Kundi la madaktari wanaosoma picha zake limo? Na je, kipimo kinahitaji kibali mapema? Uliza juu ya kundi, kwa sababu nani hasa atasoma picha mara nyingi huamuliwa na zamu ya siku hiyo. Andika jina la aliyekujibu na tarehe.