Umeme wa kulipia kabla unaisha haraka
Dada, umeuliza kwa nini umeme mnaochangia kwenye nyumba ya wanafunzi hapo Bukavu haumalizi mwezi, na mnagombania taa. Taa ziacheni kwanza, angalieni resho, yaani jiko la umeme. Resho ya wati 1000 ikiwaka saa moja inakula umeme ambao balbu ya LED ya wati 9 ingetumia kwa zaidi ya saa 100! Maharage yalowekeni usiku kucha, yapikeni yamefunikwa, na yakichemka tu, punguzeni moto. Tena pikeni sufuria moja ya wote, si kila mtu na kisufuria chake. Chaja za simu wala msizihangaikie. Na bomba la maji linalovuja? Badilisheni mpira wa ndani wenyewe. Mkimngoja mwenye nyumba, mtamaliza masomo bado linadondoka.