Bei haionekani kwenye simu

Swali: Shangazi, nauza vitenge hapa Jinja. Tovuti yangu inapendeza kwenye kompyuta, ila wateja wa simu wanalalamika hawaoni bei. Nifanyeje?

Jibu: Mwanangu, nimeifungua ndani ya teksi, foleni ya Kampala haisogei. Bei umeificha: hujitokeza pale tu mshale wa kipanya unapopita juu ya picha. Sasa kidole kina mshale? Iandike wazi chini ya kitenge. Kitufe cha “Nunua” nimekikosa mara tatu, nikabonyeza “Futa”. Apple hushauri kitufe kisipungue pointi 44 (kipimo cha ukubwa kwenye skrini) kila upande. Na zile picha, nzito kama gunia la matoke, zimenilia bando lote! Mwambie fundi apange kwanza ukurasa wa simu, safu moja ya kushuka chini, kisha aupanue kwa kompyuta.