Maswali ya Wasomaji: Simu Ikijibu Kabla Hatujafikiri

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa viazi mviringo huku Uporoto, Mbeya. Binti yangu wa kidato cha tatu hufanya kazi zote za hesabu kwa kuiuliza programu ya akili mnemba iliyomo katika simu yangu. Daftari lake limejaa vema, lakini mtihani wa muhula ameanguka vibaya. Nami nimeanza kuiuliza simu hiyo hiyo kuhusu magonjwa ya shamba. Je, tukiizoea tutapoteza uwezo wa kufikiri wenyewe?
*Mzazi, Uporoto*

Jibu: Ndugu msomaji, hali ya binti yako imekwisha kuchunguzwa kwingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliwafuatilia wanafunzi wapatao 1,000 wa sekondari nchini Uturuki katika somo la hesabu. Waliopewa programu inayojibu kila wanachouliza walifanya mazoezi vizuri kwa asilimia 48 kuliko wenzao waliotumia vitabu tu, lakini ilipoondolewa wakati wa mtihani, walipata alama pungufu kwa asilimia 17 kuliko wenzao hao. Linalonisikitisha zaidi ni kwamba wao wenyewe hawakuhisi kuwa wamejifunza kidogo. Kundi jingine lilipewa programu iliyotengenezwa kutoa vidokezo badala ya majibu, na hilo halikupata hasara hiyo. Kwa hiyo naamini kwamba kuuliza si kosa. Kinachodhoofisha fikra ni kuuliza kabla mtu hajajaribu, kwa kuwa hesabu hujengeka kichwani wakati ule ule mwanafunzi anapohangaika nayo.

Shambani nako ni vivyo hivyo. Ukiiandikia simu kwamba viazi vyako vinanyauka, inaweza kukujibu kwa uhakika mkubwa kuwa ni ukungu na kukutajia dawa ya kupulizia, ilhali haijagusa shina hata moja. Kata shina lililonyauka karibu na ardhi, ulishikilie ndani ya glasi ya maji safi bila kulitikisa, kisha utazame kwa dakika chache. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko wa bakteria, ambao dawa ya ukungu haiutibu hata ukipuliza kila wiki. Fedha yako iliyokuwa iende dukani imeokolewa na macho yako, na sasa una jambo la maana la kumuuliza bwana shamba, au hata simu.

Kwa binti yako, usimnyang'anye simu moja kwa moja, maana ataitumia kwa kujificha. Kaa nayo wewe mpaka amalize kujaribu swali kwenye karatasi, hata kama amekosea. Kisha aiombe programu imwonyeshe hatua aliyokosea, bila kumpa jibu, na ahakiki maelezo hayo kwa kitabu, kwa kuwa programu hizi nazo hukosea hesabu. Kesho yake afanye swali linalofanana na hilo bila simu, mbele yako, akikueleza kwa sauti kila hatua na sababu yake. Huhitaji kuijua hesabu yenyewe ili umsikilize: pale atakapokwama kueleza ndipo pa kumpelekea mwalimu wake.